Kurudisha uhai kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliotelekezwa, kwa bajeti ndogo

Fedha nyingi za kazi hii hupotea pale tingatinga linapofika kabla mtu yeyote hajapima maji. Dereva anasawazisha, eneo linapendeza kwa msimu mmoja, kisha nyasi zinakauka mabaka mabaka, makorongo yanachimbika upya, na maji ya rangi ya kutu yanaendelea kutiririka chini ya kifusi (mabaki ya mwamba na udongo uliotupwa na uchimbaji) kama zamani. Mpangilio unaofuata hapa ni mwingine: usalama, vipimo, kuzuia maji safi yasifike kwenye kifusi, udongo, kusafisha maji machafu, na miti mwishoni. Ukibanwa na fedha, vipimo visiguswe. Ndivyo vyenye gharama ndogo kuliko yote, na ndivyo vitakavyokuonyesha ni kazi gani nyingine unaweza kuiacha.

Kabla ya kuchimba chochote

Pata kwa maandishi nani mwenye ardhi na nani anayewajibika kwa maji yanayotoka mgodini. Katika baadhi ya nchi, anayejenga mfumo wa kusafisha maji hayo anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye anayeyamwaga mtoni, hata kama alikusudia mema. Uliza pia kama kuna mfuko wa umma wa migodi ya zamani. Marekani, kwa mfano, ina mfuko wa aina hiyo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1977, unaochangiwa na ada inayotozwa kwa kila tani ya makaa inayochimbwa.

Kisha tembea eneo zima, watu wawili au zaidi, mkiwa na kamba, vigingi na rangi. Zungushia uzio kila shimo la wima na kila mlango wa handaki, uzio ukae mbali na ukingo kwa sababu ukingo wenyewe humomonyoka. Mashimo mengi ya zamani yalifunikwa kwa mbao na udongo kidogo tu. Duara lililobonyea kidogo ardhini lichukulie kuwa shimo mpaka ithibitike vinginevyo. Usiingie handakini hata hatua tatu. Hewa iliyokosa oksijeni haina harufu, kaboni monoksidi haina harufu, na methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka kwa cheche moja. Kuziba mashimo ni kazi ya mhandisi, na sehemu hii ya bajeti haipunguzwi.

Mlango unaotoa maji usiuzibe kamwe kwa udongo au zege, wala usiufukue kwa mashine. Nyuma ya mlango uliofukiwa kunaweza kuwa na maji yaliyojaa handaki zima. Mwezi Agosti 2015, katika mgodi wa dhahabu wa Gold King, Colorado, Marekani, uchimbaji kwenye mlango uliofukiwa ulifungulia takriban lita milioni 11 za maji machafu ndani ya mto. Mgodi wa makaa wenye maji una hatari ileile.

Angalia moto. Moshi mwembamba asubuhi, harufu ya kiberiti, ardhi yenye joto, ukoko wa manjano au mweupe kwenye nyufa: hizo ni dalili kuwa makaa yanaungua chini. Usichimbue, maana unaupa moto hewa. Na taka au nyasi zisichomwe popote karibu na mabaki ya makaa. Moto wa Centralia, Pennsylvania, ulianza mwaka 1962, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ulitokana na kuchoma taka ndani ya shimo la zamani la uchimbaji. Umeendelea kuungua chini ya ardhi hadi karne hii.

La mwisho ni uthabiti wa marundo. Tafuta chemchemi, unyevu au nyufa kwenye kitako cha kila rundo. Rundo lililoporomoka Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966 na kuua watu 144, watoto 116 kati yao, lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi. Ukiona maji yanatoka chini ya rundo lililo juu ya makazi, simamisha kila kitu na mwite mhandisi wa miamba na udongo.

Vipimo vinavyostahili gharama yake

Adui mkubwa ni pairiti, madini ya chuma na salfa yanayokaa ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki na chuma kilichoyeyuka, na bakteria huharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu kifusi kinaweza kuwa na pH nzuri leo (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka chini ya 7, asidi inazidi), kikawa na pH 3 baada ya mvua za misimu miwili. Kupima pH ya leo peke yake hakutoshi.

Gawa eneo kwa rangi na aina ya kifusi: cheusi, cha kijivu, cha kahawia, chenye madoa ya manjano. Kwa kila aina chukua udongo kutoka sehemu 10, kina cha sentimita 0 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo, utoe kilo moja. Rudia kwa kina cha sentimita 20 hadi 60. Kwa kila sampuli fanya haya:

1. Changanya udongo na maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke (maji ya betri yasiyo na asidi yanafaa) mpaka uwe kama uji mzito, upime pH. Chini ya 4 ni vigumu kitu kuota bila chokaa. Kati ya 5 na 7 ni pazuri kwa miti mingi.

2. Dondoshea matone ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10. Kikitoa mapovu, kifusi kina kaboneti ndani yake, yaani kina kinga yake chenyewe dhidi ya asidi. Kifusi hicho ni hazina, kiwekee alama.

3. Saga gramu 2.5 ziwe unga, weka ndani ya chombo kikubwa cha kioo pamoja na mililita 250 za haidrojeni peroksidi ya asilimia 15, acha usiku kucha, kisha chemsha taratibu mpaka mapovu yaishe. Ikipoa, pima pH. Ikiwa chini ya 4.5, kifusi kina uwezo wa kutoa asidi. Vaa miwani na glavu, kwa sababu mchanganyiko huu unaweza kufoka ghafla. Pima kwanza pH ya peroksidi yenyewe: nyingine huuzwa ikiwa na asidi ya kuihifadhi.

Jaribio la tatu lina mtego wake kwenye makaa. Vipande vya makaa vyenyewe vikiunguzwa na peroksidi hutoa asidi za kikaboni, na pH hushuka hata kama pairiti ni kidogo. Kwa sampuli nyeusi, peleka maabara wapime salfa ya pairiti peke yake. Sampuli tano au sita zilizochaguliwa vizuri zinatosha kwa eneo dogo.

Hesabu ya chokaa inatokana na namba hiyo. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti katika tani moja ya kifusi huhitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ya mawe iliyo safi kabisa. Tuseme kifusi kina asilimia 0.4: hiyo ni kilo 12.5 kwa tani. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20, kwa uzito wa tani 1.4 kwa mita ya ujazo, ina tani 2,800 za kifusi, kwa hiyo ni tani 35 za kaboneti safi. Chokaa yako ikiwa na usafi wa asilimia 85, unahitaji tani 41; ongeza robo kwa kuwa mchanganyiko wa shambani hauwi kamili, ufike karibu tani 51. Ukiona namba hiyo mara mbili tatu zaidi kwa sababu salfa imepita asilimia 1, acha wazo la kuweka chokaa. Kufukia kifusi hicho chini ya kizuri ndiko kunakokuwa na unafuu.

Kwa maji, pima ujazo kabla ya chochote. Mkondo mdogo: bomba, ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 25, una lita 0.8 kwa sekunde. Mkondo mkubwa zaidi: ubao wenye mkato wa herufi V wa nyuzi 90, maji yakipita kwa kimo cha sentimita 5 juu ya ncha ya V ni karibu lita 0.8 kwa sekunde, na sentimita 10 ni karibu lita 4.4. Pima wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kwa sababu mfumo uliojengwa kwa kipimo cha kiangazi husombwa masika.

Kuna kipimo kimoja cha maji ambacho hakigharimu chochote na huokoa makosa makubwa. Chota maji pale yanapotoka mgodini na upime pH papo hapo. Jaza nusu ya chupa, itikise sana, iache wazi siku kadhaa ukiitikisa kila siku, upime tena. Maji yenye pH 6 mlangoni yanaweza kushuka chini ya 4, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka, kikipata hewa, hugeuka kutu na kuachia asidi. pH ikibaki juu ya 6, maji yana alkalini (uwezo wa kumeza asidi) ya kutosha kujitibu, nawe umeepuka gharama kubwa. Maabara ikuthibitishie: chuma, aluminiamu, manganizi, alkalini na asidi. Kila miligramu 1 ya chuma hula takriban miligramu 1.8 za alkalini ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti.

Maji safi yapite pembeni

Mtaro wa kukinga maji juu ya eneo ndio kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa fedha inayotumika, na unaweza kuchimbwa kwa mikono. Kila lita inayozuiwa kuingia kwenye pairiti ni lita ambayo hutalazimika kuisafisha. Tumia fremu ya herufi A au mpira wa maji, vifaa rahisi vya kupimia usawa wa ardhi, kupata mteremko wa asilimia 1 hadi 2. Ukizidi hapo mtaro hujichimba wenyewe, ukipungua hujaa tope.

Kukadiria ukubwa: zidisha hekta za eneo linaloleta maji, nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, na sehemu ya mvua inayotiririka (0.4 kwa nyasi mwinukoni), gawanya kwa 360. Hekta 2, mvua ya milimita 60 kwa saa: mita za ujazo 0.13 kwa sekunde. Mtaro wenye kitako cha nusu mita, kuta zilizolala mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, na kina cha sentimita 45 unatosha, ukiwa na nafasi ya ziada juu. Udongo unaotoka uweke upande wa chini, ushindilie, upande nyasi mara moja.

Mahali mtaro unaposhuka kwa kasi, weka mawe. Kwenye makorongo yaliyopo jenga vizuizi vya mawe, kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na kilele cha kinachofuata chini. Katikati pawe chini ya pembeni kwa sentimita 15 hivi na ncha zizamishwe ndani ya kingo. Vinginevyo maji huzunguka pembeni na kulipanua korongo, na ndivyo vizuizi vingi vinavyokufa.

Udongo: legevu, si laini

Kodi mashine mara moja tu, kazi yote ikiwa imeshachorwa ardhini kwa vigingi vya rangi: kifusi kibaya kinakwenda wapi, kizuri kinatoka wapi, barabara ya mashine iko wapi. Kuleta na kurudisha mashine hula sehemu kubwa ya gharama.

Kanuni ya kupanga ni rahisi: kibaya chini na mbali na maji, kizuri juu. Miteremko ya kupandwa isizidi mita 1 ya kimo kwa mita 3 za ulalo. Ukuta wa mwamba ulioachwa na uchimbaji usipoweza kufukiwa wote, fukia kitako, panda miiba au weka uzio juu. Bwawa lililobaki shimoni lipate walau upande mmoja wenye mteremko mdogo ili aliyetumbukia aweze kutoka.

Tabaka la juu, mita 1.2 likipatikana, limwagwe marundo kwa marundo yakigusana, kisha tingatinga jepesi likate vilele kwa kupita mara moja au mbili. Basi. Uso utabaki na mabonde madogo na mawe, na wenye macho ya kupenda unadhifu watalalamika, waache. Njia hii imetumika sana kupanda misitu kwenye migodi ya milima ya Appalachia, Marekani, na hoja yake ni kwamba mvua huingia ardhini badala ya kutiririka, na mizizi hushuka. Kifusi kilichoshindiliwa na mashine huwa kigumu kama barabara: mche unaishi mwaka mmoja ndani ya kishimo chake, ukikosa pa kupeleka mizizi unadumaa.

Eneo lililokwisha kushindiliwa lipasuliwe kwa jino refu la nyuma ya tingatinga, kina cha sentimita 90 au zaidi, mistari iachane mita 2.4, wakati ardhi ikiwa kavu. Ikiwa mbichi, jino hupita kama kisu kwenye sabuni na halivunji kitu. Bila mashine, chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60 na ukubali kupanda miti michache.

Chokaa isagwe laini na ichanganywe kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu. Ikimwagwa juu tu, haishuki. Majivu ya kuni hupunguza kiasi cha chokaa, ila lazima yapimwe, kwani nguvu yake hutofautiana sana. Majivu ya mitambo ya umeme wa makaa usiyaguse bila kipimo cha boroni na chumvi.

Mboji au samadi iliyooza, tani 50 kwa hekta, hubadilisha kifusi kuliko mbolea ya dukani. Haitoshi eneo zima? Weka kwenye mashimo ya miti na kwenye mistari ya kontua (inayofuata usawa mmoja wa mteremko), wala usiisambaze nyembamba kila mahali. Juu yake tandaza nyasi kavu za rangi nyeupe, tani 4 hadi 5 kwa hekta. Kifusi cheusi kikipigwa na jua la mchana hupata joto la kuunguza mche pale shina linapogusa ardhi. Ukiukagua utakuta shina limenyauka kama lililobanwa na uzi, huku mizizi ikiwa mizima. Wengi hudhani ni ugonjwa au asidi. Ni joto, na matandazo meupe yanalizuia.

Kabla ya kununua chokaa ya eneo zima, tenga vipande vya mita 5 kwa 5: kisicho na chokaa, chenye nusu ya kipimo, kipimo kamili, na kipimo na nusu. Panda mbegu zilezile. Msimu mmoja wa kungoja unaweza kuokoa malori kadhaa.

Maji machafu

Maji yenye alkalini ya kutosha yanahitaji hewa, nafasi na muda tu. Yaangushe kwenye ngazi za mawe, yaingie bwawa la kutuama, kisha ardhioevu yenye kina cha sentimita 15 hadi 45 iliyopandwa mafunjo au matete. Hesabu eneo kwa gramu 10 za chuma kwa mita ya mraba kwa siku. Lita 1 kwa sekunde yenye miligramu 40 za chuma kwa lita hubeba kilo 3.5 kwa siku, kwa hiyo mita za mraba 350. Hewa inayoyeyuka kwenye maji kwa mara moja hutosha chuma cha miligramu 50 hivi kwa lita; chuma kikizidi hapo, weka ngazi nyingine kati ya bwawa na bwawa. Acha kimo cha ziada kwenye kuta, maana tope la kutu litajaa na lazima lizolewe.

Maji yenye asidi yanahitaji mawe ya chokaa, na hapa ndipo watu huteketeza fedha. Mfereji wa mawe uliofukiwa bila hewa hufanya kazi vizuri pale tu oksijeni iliyoyeyuka, aluminiamu na chuma kilichokwisha kuoksidika (kubadilishwa na hewa) vyote viko chini ya miligramu 1 kwa lita. Aluminiamu ikizidi, hujitenga kama ute mweupe na kuziba mawe ndani ya miezi. Maji yakidhi masharti, yakae kati ya mawe kwa saa 15: kwa lita 0.2 kwa sekunde, mawe yenye nafasi wazi ya asilimia 48, ni karibu tani 35, na ongeza tani 18 hivi zitakazoyeyuka kwa miaka 10. Mawe yawe na kaboneti asilimia 90 au zaidi, yafunikwe plastiki nzito na udongo wa mfinyanzi sentimita 60, na mdomo wa kutokea ukae juu ili mfereji ujae maji daima.

Penye aluminiamu na mteremko unaozidi asilimia 10, tumia mfereji wa wazi uliojazwa mawe makubwa ya chokaa. Yatavikwa kutu na nguvu itapungua, lakini hayakomi kufanya kazi, na mwendo wa kasi huyasugua. Weka bwawa la kutuama chini yake. Penye aluminiamu na ardhi tambarare, kinachofaa ni bwawa lenye mboji juu ya mawe ya chokaa, maji yakishuka kwa wima, na hilo lichorwe na mtaalamu.

Kupanda na kulinda

Anza na mimea iliyojiotea yenyewe pale pale mgodini. Imekwisha kufaulu mtihani. Changanya miti ya kutangulia, hasa jamii ya mikunde inayotia naitrojeni udongoni, na miti ya msitu ya kudumu, kwa nafasi ya mita 2.4 kwa 2.4, yaani miche kama 1,700 kwa hekta. Kwenye kitalu, tia konzi ya udongo kutoka chini ya mti mzima wa aina ileile. Udongo huo una kuvu wanaosaidia mizizi kupata fosforasi, ambayo kutu ya kifusi huishikilia. Kingo kali zishikwe na mistari ya nyasi za vetiva, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Nyasi za kufunika ardhi zipandwe kwa uchache na ziwe fupi. Nyasi ndefu zilizonona kwa mbolea hunyonga miche na kuficha panya wanaoguguna magome. Mifugo ikae nje miaka mitatu.

Panda mvua zikishashika vizuri, ardhi ikiwa imelowa hadi kina cha mkono.

Baada ya hapo, kila baada ya mvua kubwa tembelea mtaro na vizuizi, na kila miezi mitatu pima pH kwenye pointi zilezile zenye vigingi. Baka linalokauka lenye ukoko mweupe au wa manjano ni pairiti iliyofika juu: ongeza chokaa na mboji hapo hapo, sentimita 20 kwenda chini, upande upya. Kwa kazi hizo za viraka tenga asilimia 10 hadi 15 ya bajeti tangu siku ya kwanza, na uweke malori mawili ya chokaa chini ya turubai karibu na eneo, kwa kuwa viraka huonekana masika, wakati ambao lori jipya haliwezi kupanda kilimani.